Miaka Kumi na Moja ya Vipande Visivyokaa

Nilifika Mwanza nimekalia kasha. Nilikuwa Dar, kwenye gereji ya mabodi ya mabasi, nilikotua baada ya Songea, Mtwara, na miaka miwili ya Tanga ambayo mpaka leo sijui niliifuata nini. Mtu akaja kutafuta wa kulinda makasha matatu juu ya lori kutoka bandarini. Nikauliza ndani kuna nini, akasema ndege. Nikauliza kama Mwanza ndiko kwenye ziwa, akasema ndiko. Ziwa lile nilikuwa sijaliona. Nikachukua begi.

Lori lilitumia siku sita. Giaboksi ilitushinda Manyoni, tukalala siku mbili tukingoja kipuri ambacho kilipofika kilikuwa cha lori jingine. Mvua ilitukuta kabla ya Nzega, nikavua koti langu la mvua nikaziba pembe ya kasha refu pale turubai lilipochanika, nikalowa mimi. Hili naliandika makusudi, kwa sababu baadaye kiwanda kilichotuma makasha hayo kilidai mara tatu kwa maandishi kwamba vipande viliharibika njiani. Njiani nilikuwepo mimi. Kilichoharibika ni mgongo wangu.

Nawaandikia ninyi mliobaki bandani, maana kila mgeni anauliza maswali yaleyale na Pendo, anayeulizwa sasa badala yangu, hana subira. Ya vyeo na mishahara nayaruka, hayakuwa ya kusimulia. Najua pia mnajiuliza mtu wa miaka arobaini na saba anastaafuje. Nitafika huko.

Banda wakati ule lilikuwa paa la bati na kuta mbili, kwenye njia ya Igombe, ziwa likionekana nyuma ya migomba ya jirani. Mwenyewe alikuwa Daktari Nyanda, daktari wa macho mwenye leseni ya urubani. Alitaka kwenda visiwani kupasua mtoto wa jicho na kurudi siku hiyohiyo, badala ya kumaliza nusu ya wiki akingoja vyombo vya majini. Ndege nzima ilimshinda bei, akanunua ya vipande. Kiwanda cha ng'ambo kinakata mabati na kuyatoboa, mnunuzi anaunganisha kwa kufuata kitabu. Kitabu kilisema kila tundu linatazamana na mwenzake, kazi yako ni kupachika tu. Ningekuwa na uwezo, ningelifuta hilo neno "tu" kwenye vitabu vyote vya maelekezo duniani.

Nilipaswa kushusha makasha na kurudi na lori. Aliyenibakisha ni Mzee Magesa, Mjita mfupi aliyefanya kazi ya mabati ya ndege kwa zaidi ya miaka thelathini, Dar na Nairobi. Alinikuta nimesimama pembeni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekalia mabawa yangu kutoka Dar?"

"Nilikalia kasha, mzee."

"Ndani ya kasha mna nini?"

"Mabawa."

"Haya. Njoo tuone umeyafanya nini."

Hatukukuta mkunjo hata mmoja. Alizunguka makasha yote matatu, akapapasa kila kipande, kisha akaniuliza kama najua kushika drili. Lori likaondoka bila mimi.

Siku ya kwanza ya kazi ilinichukua dakika kumi kuharibu. Mtu wa mabodi ya mabasi ana penseli sikioni kama vile mwingine ana saa mkononi. Nikapima bati la sakafu, nikatoa penseli, nikachora mstari mzuri mno. Mzee Magesa alirudi nyuma kama aliyeona nyoka.

"Futa."

"Nimekosea kipimo?"

"Kipimo sijaangalia. Futa kwanza."

Risasi ya penseli, akanieleza huku nikisugua, inakula alumini polepole. Unachora leo, miaka inapita, bati linaoza palepale kwenye mstari. Kwenye basi hakuna aliyewahi kujua, kwa sababu basi linakufa kwa mambo mengine mapema zaidi. Aliichukua penseli, akaivunja, akanyoosha mkono tena.

"Na ile nyingine."

"Ipi, mzee?"

"Ya mfukoni."

Alumini inachorwa kwa kalamu ya wino. Nawaona mnaokuja na penseli mpaka leo, hasa mnaotoka kwenye kuunda mitumbwi Kirumba. Ziacheni nyumbani.

Halafu tukaanza kupachika tu. Ndege ina milango miwili, wa kushoto na wa kulia. Kasha letu lilikuwa na ya kushoto miwili. Daktari akaandika barua pepe. Kiwanda kikajibu kwamba huenda mlango ulipinda njiani, tutume picha. Tukalaza milango yote miwili chini, tukapiga picha. Wakajibu kwamba wameitazama kwa makini na milango yote miwili iko sawasawa. Kweli ilikuwa sawasawa. Kila mmoja ulikuwa mlango mzuri kabisa wa kushoto. Baada ya miezi miwili ukaja mzigo, tukaufungua sote tukiwa tumesimama, na humo mlikuwa na mlango wa kushoto. Ndio huo mnaoukalia mkinywa chai.

Kuanzia hapo barua nikaanza kuandika mimi. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, lakini hasira ilikisaidia.

Boneti ya injini ilikuwa ya faiba, vipande viwili, cha juu na cha chini. Upande mmoja viliacha uwazi wa kupitisha kidole, upande wa pili kimoja kilipanda juu ya mwenzake. Tulikata, tukapiga msasa, tukajaza faiba, tukapiga msasa tena, wiki tatu kwa kitu ambacho kitabu kilikipangia mchana mmoja. Hapo nilijifunza kukata nusu ya ninachotaka kukata na kwenda kunywa chai. Ukirudi utaona mwenyewe kama ile nusu nyingine ilihitajika. Mara nyingi haikuhitajika.

Tatizo langu kubwa lilikuwa nilikotoka. Kwenye basi, matundu mawili yasipokutana, unachomeka chuma chenye ncha, unakandamiza, unaita mwenzako akuegemee, bolti inaingia. Likishaingia mashimo ya barabara ya Bariadi, basi litajipanga lenyewe. Nilifanya hivyo kwenye mbavu za mkia, nikafurahi sana. Mzee Magesa akaja, akafungua bolti zangu zote mbele yangu, bati likaruka kama limechomwa.

"Umeona? Hili bati ulilivuta. Ukilifunga hivyo litabaki linavuta, usiku na mchana, mpaka angani. Kule juu hakuna wa kuliegemea."

"Tundu wamelitoboa vibaya, mzee."

"Wametoboa vibaya. Kwa hiyo na wewe ufanye vibaya, muwe wangapi?"

Dawa yake ilikuwa ndefu siku zote. Rudisha kipande, tafuta wapi hasa panapogusa, kwangua hapo kidogo, jaribu tena. Kama tundu lenyewe limekosea, tengeneza kipande kipya kutoka kwenye bati letu. Kupanua tundu kwa tupa mpaka liwe yai, hapana. Tulitengeneza vipande vipya vingi hata nikamuuliza Daktari kwa nini hatukununua mabati tu tukaiacha ile ndege kwao.

Na ilikuwepo sheria ya kidole. Ukitoboa alumini, ukingoni mwa tundu kinabaki kijimakali chembamba ambacho jicho halikioni. Bandani tunakiita kucha. Kucha ikibaki kati ya bati na bati, hayalali pamoja, na inachora mkwaruzo ambao siku moja unakuwa ufa. Inaondolewa kwa kifaa cha mkono, nusu mzunguko, halafu unapapasa kwa ncha ya kidole. Ila aliyetoboa hapapasi. Anapapasa mwenzake, na kwenye daftari kuna safu mbili, aliyetoboa na aliyekagua, majina mawili tofauti. Mzee Magesa hakujisamehe hata yeye. Alitoboa miaka thelathini, na bado aliniita mimi mtu wa mabasi nije nimpapasie.

"Mtu akishatoboa," alisema, "kidole chake kinataka kwenda nyumbani."

Ndege ya kwanza ilituchukua miaka minne. Nusu ya rangi yake ya chini ina wadudu wa ziwani ndani, maana walikuja kama moshi asubuhi tuliyopaka na hawakuuliza. Iliruka. Daktari alipotua alishuka akalia, akasingizia upepo. Baada yake watu wawili walituletea makasha yao, na kila kasha likaja na ujinga wake mpya. Mzee Magesa alifunga bawa la ndege ya pili, magoti yakamshinda, akarudi kwao Ukerewe. Mimi nikawa fundi mkuu, nikaendelea kugombana na kiwanda peke yangu.

Pendo alikuja wakati huo kutoka Buzuruga, alikokuwa akichomelea madirisha na mageti. Wiki ya kwanza niliwaambia wenzake hatamaliza mwezi. Alikuwa anauliza kila kitu mara mbili, na jibu likiwa baya anauliza mara ya tatu.

Sasa nije kwenye vifungo vya shati. Mwaka wangu wa kumi nilianza kuona kwamba mashati ya siku hizi yanashonwa vibaya. Vifungo vidogo mno, havishikiki. Nikabadilisha duka. Skrubu nazo zilianza kuteleza, nikaandika barua kali kwamba skrubu za mzigo ule zimepakwa mafuta kupita kiasi. Asubuhi vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vyeupe kama nimeshika barafu, na nikasema ni upepo wa ziwa. Nilikuwa nimeshika drili na nyundo ya upepo ya kupigia riveti, vile vijipini vya kuungia mabati, miaka kumi, bila glavu, nikiwaambia vijana glavu ni za wauza samaki. Nilijua. Niliendelea kulaumu vifungo.

Ndege ya nne ilikuwa ya Daktari tena. Ya kwanza ilikuwa ndogo, na hii ilikuwa na nafasi ya kumlaza mgonjwa. Tulifika kwenye kishikio cha bawa la kulia, kile chuma kinacholishika bawa kwenye kiwiliwili. Mnakijua: hicho kikiachia, hakuna kingine kitakachosaidia. Nilitoboa mwenyewe matundu yake, nikakwangua kucha, nikapachika. Hakikukaa. Pembeni kulikuwa na uwazi wa karatasi moja, na tundu la juu halikukutana na mwenzake.

Nilifurahi, nasema kweli. Nilifurahi kama mtu aliyemkuta mwizi wake wa siku zote. Nikapiga picha tatu, nikaandika kwamba kishikio kimepinda, kama kawaida yao, na kwamba safari hii wasithubutu kuniambia habari za njia. Walijibu kwa mstari mmoja. Waliuliza kama nimehakikisha hakuna kucha chini ya kishikio.

"Wananiuliza mimi," nikamwambia Pendo. "Mimi! Miaka kumi na moja!"

"Kwani nani alikagua, kaka?"

"Nini?"

"Kwenye daftari. Ametoboa Haule, ndiye wewe. Amekagua pako wazi."

"Nimepapasa mwenyewe."

"Basi ngoja nikupapasie. Dakika mbili tu."

"Pendo, hivi unajua nilianza kazi hii ukiwa wapi?"

"Najua. Niko hapahapa, nataka dakika mbili."

"Nenda kamalizie usukani."

Akaenda. Mkaguzi wa serikali alikuwa aje wiki inayofuata. Daktari alikuwa ameshawaambia watu wa visiwani tarehe. Nami nilikuwa nimeudhiwa. Nikachukua spana, nikaanza kukaza bolti za chini moja baada ya nyingine ili kishikio kivutwe kikae, na tundu la juu likaja, likaja, bolti ikaingia. Yaani nililivuta. Basi la Bariadi. Nikaenda kula.

Niliporudi kutoka kula nilimkuta Pendo amefungua kishikio changu na kukilaza mezani juu ya kitambaa. Nilipiga kelele ambazo nyote mlizisikia, sina haja ya kuzirudia. Alingoja nimalize.

"Papasa hapa, kaka."

Nikapapasa. Laini.

"Hakuna kitu."

"Papasa tena."

"Pendo, hakuna kitu!"

Alinitazama kidole, akakitazama kile chuma, kisha akafanya kitu ambacho nisingekifikiria. Akakiinua kishikio, akakisogeza usoni kwangu.

"Weka mdomo."

"Umechanganyikiwa?"

"Mdomo wa chini. Pitisha polepole."

Nikapitisha. Ilinikata. Kidogo tu, kama karatasi mpya inavyokata, lakini damu ilitoka. Kucha ilikuwepo robo tatu ya tundu, na kidole changu kilikuwa kimepita juu yake mara tatu bila kusikia lolote. Pendo akanionyesha mhimili wa bawa palipogusana: mkwaruzo, uliochimbwa na kucha yangu nilipokuwa nakaza bolti. Kishikio kilikuwa kimenyooka. Kiwanda kilikuwa sahihi. Nimelisema mara moja, sitalirudia.

"Tangu lini, kaka?" aliniuliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Vifungo," nikasema.

Daktari alikuja alasiri. Nilimwambia mwenyewe kabla hajavua kofia. Hakufoka, ingawa ningependa afoke.

"Matundu mangapi umetoboa kwenye ndege hii bila kukaguliwa?"

"Tangu tuanze mabawa. Sina hesabu, daktari."

"Na mimi nilikuwa niweke mgonjwa humu."

"Ndiyo."

Alikaa kwenye ule mlango wa kushoto, akashika kichwa. Kisha akaniambia nionyeshe mkono, akaubonyeza ncha za vidole kwa kalamu, macho yangu yamefumbwa, akiuliza wapi, wapi. Vidole viwili vilinyamaza kabisa, cha tatu kilibahatisha. Akasema haviponi kwa dawa, vinapumzishwa tu, na drili nisishike tena. Ndio kustaafu kwangu huko mnakokuulizia.

Nilikuwa na haki ya kuondoka jioni ile, na Daktari angenielewa. Sikuondoka. Tulifungua bawa la kulia, kisha la kushoto, riveti kwa riveti, na Pendo akapapasa kila tundu nililolitoboa. Mimi nilishika taa na daftari. Ilichukua siku tisa. Sijawahi kufanya kazi ndefu kama ile, na sikufanya chochote. Kila aliposimamisha kidole mahali pamoja, nilisogeza taa karibu. Wengine mlipita mkijifanya mnatafuta msasa. Niliwaona.

Wakati huo niliandika barua yangu ya mwisho kiwandani. Nilieleza kosa ni langu, nikauliza mkwaruzo wa kina gani unaruhusiwa kusafishwa kwenye mhimili, nikaagiza kishikio kipya. Walijibu siku ileile, kwa upole, na vipimo vyote, na mchoro. Miaka kumi na moja nimewaomba wajibu siku ileile. Mkwaruzo ulikuwa ndani ya kiwango kwa unene wa unywele. Pendo aliusafisha kwa msasa laini na mafuta, akapima, akamwita Daktari apime, wakaandika majina mawili.

Siku ya tisa, alipotoka chini ya bawa la kushoto, nywele zimejaa vumbi la alumini, alisema, "Saba."

Matundu saba mabaya. Nikaandika saba.

"Kati ya mangapi?" nikauliza.

"Mazuri sikuyahesabu, kaka. Nilikuwa natafuta mabaya."

Sijui kama alitaka kunifariji au kuniumiza. Kwa Pendo, nadhani alikuwa anajibu swali tu.

Nilikaa wiki moja zaidi, kishikio kipya kikaja, nikawafundisha wawili wenu kuandika barua za malalamiko bila matusi, jambo ambalo mimi mwenyewe sikuliweza. Daktari alitaka nisubiri mpaka iruke. Nilimwambia sipendi kuagana na watu wenye furaha, na kwamba kusini sijafika siku nyingi. Vyote viwili vilikuwa kweli kiasi.

Asubuhi ya kuondoka niliwakuta tayari mko kazini. Pendo alikuwa anafunga bawa la kulia, mmoja wenu upande wa pili ameshika chuma cha kuegemeza riveti. Niliaga mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya Pendo hakutoka chini ya bawa alipokuwa amelala, alinipa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta.

"Safari njema, kaka. Ukifika piga simu."

"Nitapiga. Ile boneti..."

"Nimeiona boneti. Nenda, gari la Nyegezi litakuacha."

Nilikuwa sijafika barabarani nikasikia riveti zinaanza. Hamkunipa hata nafasi ya kupotea machoni. Nilisimama na begi langu kando ya njia, nikasikiliza, maana masikio bado ni mazima. Mpigaji mbaya unamsikia: anaanza kabla mwenzake hajaegemeza, mlio unakuwa mtupu kama debe. Nilisikiliza riveti kumi, labda kumi na mbili, nikitafuta ile mbovu. Haikuja, nikaenda zangu stendi.